Munga wa Mjambere na Antena Iliyolikataa Paa

Tulieni, enyi watu wa Mjambere, nanyi mnaorudi kutoka Bamburi na vumbi la saruji nyusini. Tueni ndoo, punguzeni moto wa majiko, mkae. Nawasimulia habari za Munga wa Nzai, bwana wa funguo mbili, mpakaji wa nta ya gari kila Jumamosi, na siku aliyoiteremsha sauti kutoka juu ya mawingu ikaketi ndani ya dashibodi. Nisaidie, ewe fyuzi, uliye mdogo kuliko ukucha, ambaye bila wewe magari ya wakubwa ni vibanda vya kuku: usikatike kabla sijamaliza.

Munga alikuwa na gari lililovuka bahari kutoka Japani, naye alitangaza msibani na harusini kwamba halijaguswa na nyundo ya fundi tangu liumbwe. Jirani yake Mutua, dereva wa malori ya bandari ya Kipevu, alikuwa na gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa, na kwa miaka miwili Munga aliliita chungu chenye magurudumu. Lakini gari la Munga lilikuwa bubu. Redio yake ya Kijapani iliishia FM tisini, pale stesheni nyingi za Mombasa zinapoanza, na kila alipoliwasha, bibi asiyeonekana alimsemesha kwa Kijapani, naye, kwa kuwa amelelewa vizuri, alimjibu marahaba.

Tena jueni kwamba Munga alikuwa mtuma salamu redioni wa miaka thelathini na moja. Alikwisha kumsalimu chifu, kwaya yote, wanafunzi wenzake wa shule ya jioni, wastaafu wa kiwanda cha saruji, hata daktari aliyemng'oa jino. Lakini mkewe, Kafedha, mama wa Nzai mdogo aliyerithi jina la babu, Munga hakuwahi kumsalimu hata mara moja. Yeye alisikiliza majina yote hayo jikoni mwaka baada ya mwaka, mpaka jioni moja, huku anakuna nazi, akasema bila kuinua uso, "Baba Nzai, na mimi nina jina."

Akaendelea kukuna. Lakini neno lile lilipenya ngao ya shujaa likalala ubavuni. Akaandika salamu usiku uleule, akazipeleka, kwa kuwa jina lile lilistahili mbingu, kwenye stesheni moja isiyopatikana popote ila kwa setilaiti, na stesheni ikamjibu kwamba zitasomwa Jumamosi, saa kumi na moja alasiri. Kafedha alipoambiwa alisema ataamini akisikia.

Ndipo Jumamosi hiyo akaitwa Odhiambo, fundi wa nyaya wa Changamwe, mtu mwenye bisibisi saba na subira kidogo, aje afunge redio ya setilaiti garini. Wakalibomoa lile boma la dashibodi skrubu kwa skrubu. Nyaya zilimwagika nje kama matumbo ya adui, nyekundu, njano na nyeusi, na Odhiambo akaingia chini yake chali, akabaki miguu tu juu ya kiti cha dereva. Saa kumi na nusu kisanduku cha redio mpya kikawaka taa ya kijani, na umati uliokusanyika ukanong'ona.

Ilibaki antena, kitu cheusi kisichozidi sambusa, chenye sumaku tumboni, kinachotakiwa kukaa juu ya gari kikiitazama mbingu. Waya wake ulifika nusu ya mbele ya paa, basi. Munga akakiinua kwa mikono miwili, akatoa hotuba kuhusu elimu na maendeleo ya Mwafrika, akakiweka. Injini ilikuwa inanguruma, gari lilitetemeka, antena ikateleza hadi kwenye kioo. Akairudisha, ikateleza. Mara ya tatu ikamwangukia kiatuni.

Munga akahukumu kwamba sumaku ni dhaifu. Mutua, ambaye hakuwa ameombwa kitu, akaichomoa antena, akaipeleka kwenye gari lake mwenyewe, akaiweka juu ya paa. Ikang'ang'ania hata kuibandua ikahitaji kucha.

Odhiambo akajiinua kidogo, akanyoosha mkono mmoja dirishani, akaligonga paa la Munga. Likalia puu, kama mkungu wa udongo wa kufunikia chungu. "Mzee, hapa bati limeliwa kitambo. Hii ni puti tupu, udongo wa kuzibia. Hii gari ilibingirika, wakaijaza wakapaka rangi."

Wakajaribu selotepu, nayo ikakataa, kwa kuwa nta ya Jumamosi mia moja haishikiki. Odhiambo hangeweza kutoka: alikuwa ameshikanisha nyaya mbili kwa vidole vya mkono mwingine. Zilibaki dakika nne. Shujaa angeweza kuzima injini, akasema setilaiti inaumwa, akalala na heshima yake. Lakini kwenye kiti cha mbele aliketi Kafedha na kitenge chake cha Pasaka, mikono mapajani, akitazama mbele.

Munga akavua kofia. "Mutua, ndugu yangu. Paa la gari langu ni udongo. Nilipolinunua niliona rangi imevimba, nikanyamaza. Yote niliyosema juu ya lako, nayarudisha kwangu mbele ya hawa wote. Sasa niazime stuli."

"Stuli ipo," akasema Mutua. "Ila usiegemee sana, mzee. Chungu hupasuka."

Watu wakacheka mpaka mtaa wa pili, na Munga akauvuka mto ule wa kicheko akapanda stuli. Akaikandamiza antena pale juu kwa vidole viwili, koti limempanda mgongoni, jua linamwingia machoni. Vioo vilikuwa vimefungwa ili sauti isipotee, kwa hiyo yeye aliyeileta hakusikia ila injini. Aliona tu miguu ya Odhiambo ikitulia. Alimwona Kafedha akiinamia redio, kisha akiupeleka mkono mdomoni na kuuacha huko.

Saa kumi na moja na dakika saba Munga akaanza kushusha mguu. Kioo kikateremka vidole viwili.

"Baba Nzai," akasema Kafedha, "wameweka na wimbo. Usishuke."

Hakushuka. Na iandikwe palipo na kalamu kwamba siku ile majeshi yalihama na serikali zikaapishwa, mbali huko. Lakini Mjambere, Munga wa Nzai alisimama juu ya stuli ya jirani muda wa wimbo mzima, kibwagizo kikarudiwa mara nne, na mkono wake haukutikisika.