Mimba Hewa ya Shangazi

Krr, krr, krr. Gizani, kabla jogoo wa jirani hajafikiria kuwika, kitu kilikuwa kinakwaruza ndani ya kabati la nguo.

"Panya," mke wa Sharubati alinong'ona, akavuta shuka lote upande wake.

Sharubati akawasha tochi ya simu. Panya wapi! Alikuwa Shangazi, mbwa wao jike, aliyepewa jina hilo kwa tabia ya kukagua sufuria za watu bila kualikwa. Alikuwa ameligeuza gauni la harusi kuwa kitanda, kakumbatia kandambili ya mtoto kana kwamba ni kichanga, na chuchu zake zimevimba, zinadondosha maziwa.

"Ana mimba!" mke akakurupuka.

"Mimba ya nani? Alipoingia kwenye joto si nilimfungia stoo mwenyewe? Tangu tone la kwanza la damu mpaka la mwisho, hakuna dume aliyemwona hata mkia. Hii ni mimba hewa, mke wangu. Jike akikosa dume, mwili unaweza kujidanganya. Tumbo linajaa, maziwa yanatoka, anatandika kitanda, halafu kila kitu kinanywea."

Elimu hiyo aliipata zamani alipokuwa akimbebea mkoba daktari wa mifugo, kazi aliyoiacha mapema kwa ombi la daktari. Alijua nusu ya mambo, na hiyo nusu aliijua vizuri mno.

Kisha akatabasamu. Mkewe alilifahamu tabasamu lile hata gizani.

"Mume wangu, lala."

"Nitalalaje na bahati inakwaruza kabatini?"

Kulipokucha alikuwa saluni, na Shangazi kwenye kamba. Mwenye saluni, aliyeitwa na mtaa mzima Mama Saluni, alikuwa na vitu viwili vya kutamanika: pikipiki nyekundu inayong'aa uani, na mbwa dume mweupe mwenye manyoya kama pamba, ambaye watu walipanga foleni kumletea majike yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja na ile dawa ya kuotesha nywele, geuka nayo hapo hapo."

"Leo sina dawa, mama yangu. Nina siri." Akashusha sauti kama mtu aliye msibani. "Huyu unayemwona amebeba mimba ya dume wa rubani. Mbwa aliyepanda ndege kwa tiketi yake mwenyewe. Kakaa dirishani!"

Mama Saluni akachuchumaa. Akapapasa tumbo la Shangazi, akatulia, akapapasa tena.

"Damu yake ilipokata, ulimfanyaje?"

"Siku hiyo hiyo nikamfungulia stoo. Rubani alikuwa ameshamaliza kazi yake. Yaani, dume wa rubani."

Mama Saluni akakohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko. "Basi chukua pikipiki, mwanangu, uniachie huyu jike. Mimi na tamaa yangu tumeshindwa."

Binti wa Sharubati, wa darasa la kwanza, aliposikia Shangazi ameachwa saluni, alilia mpaka kamasi zikajiunga na machozi. Shangazi ndiye aliyekuwa akimsindikiza shule, ndiye aliyelala miguuni pake.

"Nyamaza, mama," Sharubati akambembeleza. "Tumbo likinywea, Mama Saluni atamfukuza kwa fagio. Tutakuwa na pikipiki, na Shangazi pia."

"Kweli, Baba?"

"Baba yako amewahi kudanganya?"

Mtoto, kwa heshima, akafuta kamasi.

Pikipiki ilinguruma kwa majivuno hadi kona ya kwanza. Kwenye kona ya pili ikapiga chafya ikazima, na haikuwaka tena. Fundi akaifungua, akaifunga haraka kama mtu aliyechungulia bafu lenye mtu.

"Kaka, hapa umenunua rangi. Injini ni marehemu."

Sharubati akaisukuma hadi nyumbani. Si kitu, Shangazi atarudi. Akangoja mlio wa fagio. Siku zikapita, fagio likawa kimya. Mwishowe akamshika binti yake mkono, wakaenda saluni.

Chini ya mashine ya kukaushia nywele, ndani ya boksi, Shangazi alikuwa amejinyoosha kama malkia, ananyonyesha rundo la vijibwa vyeupe pee, vyenye manyoya kama pamba. Wateja walikuwa wanagombea kuvichagua, vichwa vimejaa rola.

"Lakini ile ilikuwa hewa!" Sharubati akaropoka.

"Hewa hairushi mateke, mwanangu. Niliyasikia kwa mkono huu." Mama Saluni akamsogezea kiti. "Damu ya jike ni hodi tu. Inapofifia, inapokata, ndipo anaposema karibu. Wewe ulifunga mlango wakati wa hodi, ukaufungua wakati wa karibu. Siku ile mweupe wangu alirudi hoi, na kamba yenu ya kuanikia nguo imemzunguka shingoni."

Kisha akamgeukia mtoto, sauti ikalainika. "Wewe mama, njoo umwone Shangazi wako kila ukitoka shule. Na wakiacha ziwa, mmoja ni wako. Chagua."

Mtoto akachagua mdogo kuliko wote, akamfunika kwa sweta.

Sharubati alikuwa bado anatafuta mwizi. "Haiwezekani! Stoo ile ina komeo! Nani huyo aliyefungua mlango? Nataka nimjue leo!"

Mtoto akainua uso kutoka kwenye sweta.

"Baba, mlango uliufungua wewe."