Mkono wa Mama kwenye Gia ya Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimejipalia makaa tena. Lakini kwa heshima.

Tulikutana kwa Mama kupanga kuhama kwake. Nyumba imeuzwa. Jumamosi anahamia kwa dada yangu, chini ya mteremko wa kiwandani. Shemeji, yaani mume wa dada, akasema hakuna shida, lori lake jipya lipo, lina kiyoyozi, Mama atasafiri kama balozi. Shemeji hawezi kumaliza maneno bila kutaja kiyoyozi.

Mama alikuwa kwenye cherehani anapinda pazia. Hakuinua kichwa. Alisema nyumba hii aliingia akiwa amekaa mbele ndani ya Taratibu, na ndivyo atakavyotoka.

Taratibu ni lori la marehemu Baba. Pua ya mviringo, taa kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini, na juu ya kioo jina lake, ambalo Baba alilichora mwenyewe kwa brashi mpaka herufi ya mwisho ikakosa nafasi na kubanwa pembeni. Limesimama uani tangu tumzike. Injini imepasuka. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

Dada akasema kwa upole kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Jumamosi hiyohiyo kulikatakata, maana mwenye nyumba mpya anataka ua mtupu.

Hapo mdomo wangu ukafunguka bila kuniuliza. Nikasema Jumamosi asubuhi Taratibu litakuwa mlangoni, linanguruma. Lisiponguruma, likatwe. Shemeji alicheka mpaka akavua miwani.

Hajui anacheza na nani. Mimi nimeishi ng'ambo. Wiki tatu, lakini nilitembea sana.

Jumanne, 4 Juni

Injini ninayo! Ni ya gari la kusambazia mikate lililogongwa kwa nyuma. Mbele nzima kabisa, bado inanukia hamira. Imekuja na giaboksi yake, gia zinajibadilisha zenyewe, kazi ya dereva ni kukanyaga na kutazama mandhari. Nimebadilishana na friji letu. Mke wangu yuko kwa wazazi wake mpaka Jumapili, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Nimemwita Fundi Kimya. Anaitwa hivyo kwa sababu hanyamazi. Tuliitoa injini kuukuu kwa winchi na mnyororo. Ilipokuwa inaning'inia hewani nilivua kofia. Injini ile ndiyo ilikuwa saa ya nyumba yetu. Baba akifika kona ya duka la mafuta ya taa alikuwa akishusha gia, lori likakoroma kama mzee anayeinuka mkekani, na Mama, popote alipo, akabandika maji ya chai. Baba akivuka kizingiti, maji yanachemka. Sikuwahi kuwaona wakipungiana mkono. Hawakuhitaji.

Na kulikuwa na gia ya tatu. Ilikuwa na ugonjwa: kwenye mteremko inachomoka yenyewe, lori linabaki huru kama mbuzi aliyekata kamba. Kwa hiyo Mama alikuwa akisafiri mbele na kuishika fimbo ya gia, kuikandamiza mpaka chini ya mteremko. Mkono wa Baba kwenye usukani, mkono wa Mama kwenye gia. Sisi watoto nyuma juu ya magunia, tunawachungulia kwenye kidirisha kilicho nyuma ya kiti chao. Hata wakiwa wamenuniana, Mama alitazama pembeni, midomo kaivuta, lakini mkono uko kwenye gia. Alifunga kitambaa cha bluu pale juu ili chuma kisimuunguze. Kitambaa kipo mpaka leo.

Fundi Kimya akafungua giaboksi kuukuu, kwa udaku tu. Akasema gia ya tatu ni nzima, mtu aliibadilisha zamani sana, hata ukiipiga teke haichomoki. Nilimwambia akapimwe macho. Mimi nimekulia ndani ya lori hili. Mama aliishika gia ile mpaka safari ya mwisho ya Baba, nimeona mwenyewe. Akasema haya, bosi, kisha akaendelea na habari za mkwewe.

Jumatano, 5 Juni

Injini ya mikate imekaa mahali pake. Kwa nyundo kidogo. Nyundo nyingi.

Tatizo: giaboksi mpya ni fupi, kwa hiyo shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, haifiki. Inatakiwa nyingine. Fundi Kimya alitaka kupima lakini tepu yake imebaki kwenye gari la mtu mwingine. Nikaingia ndani, nikachukua ya Mama kwenye droo ya cherehani. Mama akaniuliza kama naijua vizuri tepu ile. Nilimjibu, Mama, mimi nimesoma. Alitaka kuongeza neno lakini nilishafika uani.

Nimepima mwenyewe. Nimempelekea mchomeleaji namba kamili. Amesifu mwandiko wangu.

Shemeji alipita na lori lake, akapunguza mwendo, akafungua kioo ili baridi itoke tuione. Aliuliza mazishi ni Jumamosi saa ngapi. Nilimwambia aje na taulo, atatokwa jasho la aibu. Nimelifikiria jibu hilo jioni nzima na bado naliona zuri.

Alhamisi, 6 Juni

Shafti haiingii. Ndefu mno.

Nilimpandishia mchomeleaji sauti. Nilimwambia amezoea kutengeneza mageti. Akaniomba tepu niliyopimia. Akaikunjua mbele ya watu. Inaanzia sita.

Kila mtoto aliyekulia nyumba ile anajua kwamba tepu ya Mama inaanzia sita. Ncha ilichakaa, akaikata nikiwa darasa la pili, na tangu hapo anapima watu huku pini ziko mdomoni na kupunguza sita kichwani. Ameshona sare za shule nzima na tepu ile, hakuna aliyewahi kuburura suruali. Mimi mwenyewe niliwahi kumfundisha shemeji jambo hilo siku ya posa, kwa majivuno.

Mchomeleaji akasema nina bahati, ingekuwa fupi tungelia, ndefu inakatwa. Nikamwambia ndivyo nilivyokusudia. Fundi Kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa la kusema. Tuliikata. Imeingia kama mkono kwenye mfuko.

Ijumaa, 7 Juni

Limewaka!

Sasa mambo mawili. La kwanza, halingurumi. Linanong'ona. La pili, linalia ti-ti-ti bila kukoma. Injini za siku hizi zina kompyuta, na kompyuta hii inataka watu wafunge mikanda. Taratibu halijawahi kuona mkanda. Fundi Kimya alikata waya mmoja, milio ikabaki palepale na wipa zikaanza kucheza. Akaurudisha. Tumekubaliana kuiacha ilie.

Nilikimbia kumpa Mama habari. Nilimkuta amekaa kwenye sanduku, kuta tupu, cherehani imefunikwa shuka. Nilimweleza yote. Nikabakiza tamu ya mwisho: Mama, gia ya tatu haipo tena, giaboksi yote nimeitupa, fimbo nimeing'oa, utakaa tu, hutagusa kitu.

Akasema basi kesho ataenda na shemeji.

Nilidhani sikueleza vizuri. Nikaeleza tena, kwa sauti kubwa. Akasema, "Nimesikia, mwanangu. Mimi sijawahi kubebwa kwenye lori lile. Nilikuwa nafanya kazi. Sasa nikakae mle kama gunia? Kama ni kuwa gunia, bora penye kiyoyozi."

Nilinywea. Nilirudi uani. Mama akipanda kwa shemeji, Taratibu litatoka hapa kwa ajili gani? Mnunuzi wa vyuma keshakuja kuliangalia, kalipiga kofi ubavuni kama anayenunua ng'ombe.

Lakini kichwa changu hakilali. Nimemwambia Fundi Kimya tuirudishe fimbo ya gia. Akauliza tuiunganishe na nini, bosi. Nikamwambia na sakafu. Tumeifunga kwa nati mahali pake pa zamani, na kitambaa chake cha bluu, haijaungana na chochote duniani. Kijiti cha gia mpya tumekificha ubavuni mwa kiti changu. Pedali ya klachi nayo tumeirudisha, ya maonyesho. Kisha nikamwambia Mama kwamba nimefikiria upya, gia ya tatu imerudi na ugonjwa wake wote. Alinitazama. Akasema haya.

Kumdanganya mama mzazi si kazi ya kila mtu. Inataka kipaji.

Jumamosi, 8 Juni

Mama alitoka amevaa gauni la safari, lile lenye kola. Alizunguka lori zima. Alifuta taa moja kwa kiganja. Akapanda, akaiona fimbo, akakigusa kitambaa, akakaa. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe.

Shemeji alifuata nyuma na vyombo. Na kamba ya kutuvutia, aliiweka juu kabisa ili niione. Mnunuzi wa vyuma alibaki getini na mitungi yake ya gesi. Nilimpigia honi. Honi ni ileile ya zamani, inalia kama bata mwenye mafua.

Nilikanyaga klachi isiyo klachi kila baada ya hatua chache, nikikunja uso kama Baba. Ti-ti-ti haikunyamaza. Mama akauliza ni ndege gani huyo. Nikasema ni kifaa cha kisasa. Akasema kituambie basi shida yake.

Kisha mteremko wa kiwandani. Mama aliikandamiza fimbo kwa nguvu zote, mishipa ikamtoka mkononi. Mimi nilikuwa nimezama kumtazama, niko tena juu ya magunia, nachungulia kwenye kidirisha. Lori likaanza kukimbia. Breki zikaanza kunuka. Nikasahau kabisa kwamba fimbo ni ya uongo, nikamwambia Mama shikilia, inachomoka! Mama, bila kugeuka, akasema, "Shusha gia, mwanangu. Baba yako hapa alikuwa keshashusha."

Nikapapasa ubavuni, nikakivuta kile kijiti. Injini ya mikate ikalia, ikakoroma kwa uchungu, lori zima likatetemeka na kushika mwendo. Ule mkoromo! Si uleule, lakini ni wa ukoo mmoja. Mama alifumba macho. Tulishuka hivyo mpaka chini.

Mlangoni kwa dada, nikazima injini. Mama hakushuka. Wala hakuiachia fimbo. Akasema haitetemeki. Gia iliyo hai hutetemeka. Hii imefungwa sakafuni.

Nilitafuta uongo mwingine, nikakuta ghala tupu.

Akasema nisihangaike. "Hata Baba yako," akasema, "aliitengeneza gia ya tatu. Wewe ulikuwa bado shule. Nilijua siku ileile, maana iliacha kunisukuma mkono. Hakuniambia. Nami sikumwambia kwamba najua. Kila tukifika mteremkoni ananiambia, mama watoto, ishike hiyo, isije ikachomoka. Nami naishika."

Akakifungua kile kitambaa, akakitazama, akakifunga tena vizuri zaidi. Akashuka.

Shemeji alikuwa nje, kiyoyozi chake kinavuma, amesimama na kamba yake mkononi. Hakucheka. Aliomba kukaa kidogo pale alipokaa Mama. Nilimruhusu. Aliishika fimbo, akaniuliza kama lori litalala hapa kwao. Nikamwambia litalala. Akalisogeza la kwake.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala kama mshindi. Nimeyafikiria maneno ya Mama na nimepata funzo lake: kumbe uongo wangu ni wa kurithi. Baba naye alikuwa fundi.

Asubuhi nilikwenda kumwona. Amekaa dirishani chumba chake kipya, cherehani iko mbele yake, anashona gauni la mjukuu. Miguu inapanda na kushuka kwenye pedali, taka-taka, taka-taka, sauti niliyoizoea tangu nikiwa mgongoni. Kutoka pale dirishani anaiona pua ya Taratibu. Alikuwa anaimba kidogo.

Roho iliniuma. Mwanamke wa umri ule, bado anakanyaga pedali kwa miguu, zama hizi!

Nimeshaongea na Fundi Kimya. Mota ya feni yetu inatosha kabisa kuendesha cherehani. Nimeifungua feni leo mchana. Mke wangu anarudi jioni, lakini akiona friji halipo hatakumbuka kuuliza feni. Vipimo nimechukua kwa tepu ya Mama, ilikuwa palepale kwenye droo ya juu, namba kamili.

Simwambii mpaka iwe tayari. Pedali nitaing'oa, nayo itamwachia nafasi ya kunyoosha miguu. Atakaa tu. Hatagusa kitu.

Naiona sura yake tayari, jinsi atakavyofurahi.