Ng'ombe Wangu Kwa Rhoda

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Nimeuza pamba. Hela haijafika mkononi, ushuru umeshakatwa. Nikamwambia karani serikali ikae huko Dodoma, ituache tulime. Imenifanyia nini? Ukiacha mkopo uliomsomesha Mashimba wangu chuo, na bomba, na barabara ya Lalago, hakuna. Karani akasema, "Mama Mashimba, sogea, wenzako wanasubiri."
Sasa nasikia Alhamisi kamati inapita kuandikisha kaya maskini wapewe ruzuku. Na mimi nitaandikwa. Si wizi. Ni ushuru wangu unarudi nyumbani.

Jumanne, 12 Agosti
Shida ni ng'ombe. Wamenona, wanaonekana toka barabarani. Lakini sisi toka zamani tunaweka ng'ombe kwa jirani: yeye anakamua, ndama anabaki wako. Nimewaswaga kwa Rhoda, mjane. Analea wajukuu kwa hiyo hiyo ruzuku. Akanishukuru, wabeja sana, watoto watakunywa maziwa. Kumbe nina roho nzuri hata nikiwa kwenye mipango.

Alhamisi, 14 Agosti
Nikavaa kitenge kilichochanika, nikakaa mkekani. Mayige, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akatazama zizi tupu, akashangaa. Nikakohoa. Binti wa halmashauri akanihurumia, akauliza kama watoto wangu hata shule walikwenda.
Hapo nilishindwa. Nikamwambia Mashimba ana digrii, yuko ofisini Nyashimo, anavaa tai. Nikamletea na picha ya mahafali. Binti akafunga kalamu yake.
Kibaya zaidi, wakaenda kumhakiki Rhoda. Wakakuta zizi limejaa. Alieleza, hawakumwamini. Wanataka aondolewe kwenye ruzuku. Mkutano wa Jumamosi ndio utaamua.

Ijumaa, 15 Agosti
Rhoda amekuja na maziwa. Akauliza tu, wajukuu watakula nini. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Maziwa yamenishinda kunywa.

Jumamosi, 16 Agosti
Jina la Rhoda likasomwa. Mzee Kasmiri akasimama: "Sisi tunalima, tunakatwa, halafu wenye ng'ombe ndio wanalishwa." Wakampigia makofi. Maneno yangu mwenyewe ya Jumatatu, sema kwake yalisikika vibaya. Rhoda ameinamisha kichwa.
Nilipanga kunyamaza. Nikajikuta nimesimama. Nikasema ng'ombe ni wangu.
Kasmiri akasema, "Unamtetea shoga yako. Thibitisha."
Nikawataja mmoja mmoja: rangi, pembe, nani kamzaa nani. Nikanogewa. Nikaongeza mbuzi, ambao hakuna aliyewauliza. Watu walicheka mpaka machozi. Rhoda hakucheka, lakini alinishika mkono.
Amebaki kwenye ruzuku. Mayige akakumbusha kwamba mchango wa zahanati unaangalia mifugo, kwa hiyo wangu unapanda.

Jumatatu, 18 Agosti
Ng'ombe wamerudi, isipokuwa mmoja anayekamuliwa. Huyo nimemwacha kwa Rhoda, wajukuu wameshamzoea. Mashimba kapiga simu, kasikia habari zote huko Nyashimo, akaniambia niwe nasema ukweli toka mwanzo. Mtoto kasoma kweli. Nimemkubalia.
Kesho Mayige anapita kuhesabu mbuzi. Alfajiri nawapeleka kwa wifi yangu Anna. Safari hii nimetumia akili. Anna si mjane, ana mume, na mume wake ndiye mtunza hazina wa kamati ya zahanati. Nani atathubutu kumhakiki yule?