Ufuta Mfukoni mwa Jaji

Jumatatu, 12 Januari. Baharini.

Kraaa! Mlio huo haunitoki masikioni: abiria wakibandua mikanda ya kunata ya makoti yao, mmoja baada ya mwingine, mbele ya meza yangu. Leo hakuna pa kushuka. Kijivu juu, kijivu chini, baridi katikati. Basi ni siku ya kukagua nguo, maana kule barafuni, ncha ya kusini ya dunia, hairuhusiwi kufika hata mbegu moja ya kigeni. Nina shahada ya mimea. Kazi yangu melini ni kufua mashuka. Leo nimepanda cheo: nimepewa kifyonza vumbi na kibano.

Mkuu wa msafara, mama mwenye pua iliyoungua kwa jua, ametangaza kwamba Alhamisi atashuka barafuni na mfanyakazi mmoja wa sisi wa vyumba vya chini melini. Mmoja! Atakayekagua vizuri kuliko wote. Safari nzima naiona barafu kwa kidirisha cha chumba cha kufulia, na mkataba wangu unaisha tukirudi. Nyumbani, mama yangu ameshawatangazia majirani kwamba nimeikanyaga. Nitamwonyesha picha gani?

Mpinzani: mwoka mikate, ninayekaa naye chumba kimoja. Anakagua viatu huku akiimba. Akaniambia eti, shoga, kunjua uso, watu watadhani wamekamatwa. Abiria wakacheka. Mkuu akacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 13 Januari. Bado baharini. Mawimbi.

Tatizo: abiria hawa ni wasafi mno. Makoti chungu nzima, mbegu hakuna. Nani atajua nina macho makali? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama, nilichopata ni maumivu ya mgongo.

Mchana nikachota ufuta kidogo jikoni. Nikautia mfukoni mwa jaji mstaafu, mzee mpole anayesinzia foleni ikiwa ndefu. Kisha nikaugundua. Nikapiga ukelele wa kitaalamu.

Mkuu akanipiga begani: mwanangu, una macho ya kipanga! Aibu kidogo. Raha zaidi. Jaji alibaki na koti magotini, akinung'unika kwamba maisha yake yote amewauliza watu kitu hiki kimefikaje mfukoni mwako, na leo yeye mwenyewe hana jibu.

Halafu, balaa! Mkuu akaamuru nguo za meli nzima zikaguliwe upya. Na nani? Na kipanga.

Jumatano, 14 Januari.

Nakagua. Vidole sivisikii tena. Mkuu alikuja kuuliza ufuta ule ulitoka wapi. Kabla sijatunga jibu, mwoka mikate akajitokeza: mama, hapo ni mimi tu, ufuta wa mikate huniingia hadi kwenye soksi, mzee wa watu msimsumbue. Akamwomba jaji radhi. Jaji akamjibu: haidhuru, binti yangu. Mkuu akasema watu wakweli namna hii ndio anaotaka kuwa nao barafuni.

Nafasi imekwenda! Kwa kosa langu, akaichukua yeye!

Nami nilisifiwa. Macho kama haya, akasema Mkuu, yasipotezwe huko nje. Kila tukishusha watu, mimi nitabaki mezani.

Alhamisi, 15 Januari.

Wameshuka. Nimewaona kidirishani: mwoka mikate na jaji, wameshikana mikono, wanateleza, wanacheka.

Alirudi pua ikimchuruzika. Shoga, kuna ndege kule wanatembea kama wazee wanaokwenda kuposa! Kisha akaniuliza mbona nimenuna. Nikasema nimechoka tu, na hilo si uongo. Akasema Jumamosi tunashuka tena, mara ya mwisho. Nimwendee Mkuu, nimwambie wazi kwamba natamani kwenda. Eti yule mama hana neno. Basi, imetosha.

Nikamjibu nitafikiria.

Ijumaa, 16 Januari.

Nimefikiria. Kusema wazi ni mbinu ya watu wasio na mbinu. Kinachonifunga kwenye meza ile ni macho. Kwa hiyo nimeamua yaharibike.

Baada ya chai nilikwenda kwa daktari wa meli. Herufi za ukutani nilizikosea zote, hata ile kubwa kama mlango. Masikini, alisikitika kweli. Akanitia matone, akanifunga jicho moja, akaniandikia cheti: asikague nguo, asishuke ngazi hadi Jumatatu.

Mashua za kwenda barafuni hushukiwa kwa ngazi, ndiyo. Lakini mambo ni moja moja. Cheti nimeshampelekea Mkuu, mkononi mwake.