Shahidi wa Kukodi

Mheshimiwa Dadi, diwani, alikuwa akiunguruma kwenye kipaza sauti nje ya supamaketi mpya ya Bagamoyo: "Hawa wanawalipa watu mishahara ya aibu!" Wafanyakazi wenyewe walichungulia kwenye vioo, wakarudi kupanga sabuni. Nani atoke apoteze kibarua? Mikdad, ambaye pikipiki yake ilizuiliwa kwa fundi kwa kukosa hela, aliona riziki imemjia yenyewe.

"Shikamoo Mheshimiwa. Hotuba tamu, ila haina shahidi. Nitakuletea mwenye kulia."

Dadi akamtolea laki na ishirini palepale. Kuwahurumia wanyonge kuna gharama zake.

Mikdad akaenda Kaole kwa Ashatu, mpishi wa nyumba moja ya mjini. Akampa aproni ya kijani kama za supamaketi, na ahadi ya elfu tano.

"Dada, panda jukwaani, taja mshahara mdogo wa kutunga, kisha lia."

"Wa kutunga wa nini, kaka? Wangu unatosha."

Jumamosi uwanja ukajaa. "Elfu sitini kwa mwezi," Ashatu akasema, "toka alfajiri mpaka Isha."

Umati ukaguna. Dadi akapandwa na mori. "Wallahi, mwajiri huyo popote alipo, leo amlipe mara mbili mbele yenu! Mtaje, mama, usiogope!"

"Ni wewe, Mheshimiwa. Mimi ndiye ninayekupikia."

Msishangae kwamba hakumjua. Bwana mwenye heshima zake hakanyagi jikoni. Chakula humfikia ukumbini mikononi mwa mkewe, na kwa njia hiyohiyo hurudi shukrani, nyingi zikiwa malalamiko ya chumvi.

Kicheko kikalipuka. Dadi akatabasamu. "Ndugu zangu, nilitaka mwone kwa macho yenu! Mhasibu wangu yule pale, hela anazo. Mikdad, mlipe mama!"

Macho yote yakamgeukia. Vijana wawili wenye vifua vipana wakamsogelea kwa adabu. Mikdad akatoa zote.

"Mbona hukuniambia unapika kwake?" alimnong'oneza Ashatu.

"Uliniuliza? Na elfu tano yangu usiisahau."

Jumatatu Dadi alikuwa tena nje ya supamaketi, akijitangaza diwani wa kwanza kumlipa mfanyakazi wake hadharani, na kumwuliza mwenye duka anangoja nini. Mikdad, aliyekuja kwa miguu, alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama mwanagenzi mbele ya fundi wake.