Marehemu Mwenye Miiba

Inatangazwa kwa wananchi wote, wa karibu na wa mbali, kwamba mti wetu ulikufa kwa kufuata taratibu zote. Nasema hivi kwa sababu mitaani maneno yamezidi, na mimi ndiye ninayepika chai ya Idara ya Mti wa Maua, kwa hiyo hakuna kikao chenye vikombe ambacho sikuwemo.

Idara yetu ina mti mmoja. Uliletwa kutoka msituni ukiwa mche, ukapandwa mbele ya ofisi, na tangu hapo kazi yetu ni kuusubiri utoe maua. Si kazi ndogo. Mkurugenzi anausubiri ghorofani, makamu wake anausubiri chini, na Mzee Ndoo, mtunza bustani, anaumwagilia maji ili wenzake wapate cha kusubiri. Shina lake lina miiba minene iliyovimba kama chunusi, ndiyo maana hamna mtumishi aliyewahi kuonekana ameuegemea saa za kazi.

Mwaka huu, jua lilipokaza, mti ukadondosha majani yote ukabaki mifupa. Kwenye matawi vikatokeza vifundo vyeusi, vigumu. Kamati ikaundwa. Ilitaka kukaa chini ya mti wenyewe, lakini kivuli hakikuwepo, jambo lililopokelewa kuwa ushahidi wa kwanza. Vile vifundo vikatambuliwa kuwa ni uvimbe wa mauti. Basi ikaamuliwa kwamba mti ni marehemu, uagwe kwa heshima, Waziri aalikwe, kisha Mkurugenzi asafiri ng'ambo kutafuta mwingine, ambao wataalamu waliamini unapatikana jirani na hoteli.

Kifo cha serikali hakikosi mkosaji. Makosa akapewa Mzee Ndoo, kwa kuwa wengine wote walikuwa vikaoni. Kufukuzwa kwake kungetangazwa mwisho wa shughuli, mbele ya Waziri, na siku hiyohiyo atoe vyombo kwenye chumba cha uani anachoishi na mkewe, ambaye magoti yamegoma. Nilipompelekea chai nilimkuta anafunga godoro kwa kamba. Nikamwambia labda watamhurumia.

"Mwanangu, umesahau sukari," akasema. "Hiyo huruma tukiingoja, hata chai yenyewe itapoa."

Asubuhi ya mazishi turubai lilikuwa limesimama, viti vimepangwa, na marehemu amechanua. Jani hata moja hakuna, ila kila tawi limejaa maua mekundu, mazito, mapana kama vikombe vyangu. Vile vifundo vya mauti vilikuwa vimepasuka vyote. Nyuki walishafika msibani kabla yetu.

Mkurugenzi akautazama mti, akaikaza tai yake nyeusi. Makamu akanong'ona kama si vizuri kuahirisha. Akajibiwa kwamba uamuzi wa kamati hautenguliwi na mti, na kwamba gari la Waziri limeshaingia getini.

Waziri ni mama mtu mzima, anatembea polepole na anaangalia vitu. Akakaa, akainua macho, akauliza kama huyu ndiye marehemu.

"Ndiye, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi. "Hayo juu ni maua ya rambirambi."

Waziri akasema tangu azaliwe hajaona msiba uliopambwa hivi. Nani huyo kayafunga mpaka kule kileleni? Makamu alikuwa ameshafungua mdomo, lakini Mkurugenzi sifa huzinusa mapema.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Kwa mikono yangu hii."

Hapo ua moja likachomoka, zima zima, likatua pu mapajani kwa Waziri. Akaligeuza, akalinusa, akamnyooshea Mkurugenzi.

"Hili hukulikaza, mwanangu. Kalirudishe."

Ngazi ikaletwa. Mkurugenzi akavua koti, akanipa nishike, akapanda na uzi mdomoni. Miiba ilimpokea. Kabla hajamaliza fundo la kwanza, maua mengine matatu yakaanguka. Waziri akayaokota, akayapanga kwenye kiti cha Mkurugenzi, akaniomba chai, akamwambia aliye juu asiwe na wasiwasi, yeye leo ana nafasi mpaka jioni. Katibu wa kamati akaendelea kusoma wasifu wa marehemu.

Ngazi ikaanza kuyumba.

Wakati huo Mzee Ndoo alikuwa anapita na godoro kichwani. Mkurugenzi akamwita kutoka juu, akamwambia ashike ngazi. Mzee akasimama, godoro likasimama naye.

"Nishike kama nani, mkubwa? Mimi mtunza mti si nasikia leo ndiyo nafukuzwa?"

Waziri akatua kikombe. Akauliza kafukuzwa kwa kosa gani, mtu ambaye mti wake una msiba mzuri namna hii. Katibu akaacha kusoma. Ngazi ikalia kwi.

"Maneno ya watu hayo," akasema Mkurugenzi, kakumbatia tawi. "Nani amfukuze mzee wangu? Chumba chako, kazi yako, uko na sisi mpaka uchoke mwenyewe. Shika basi, mzee wangu. Shika."

"Umesikia, Mheshimiwa?" Mzee Ndoo akamuuliza Waziri. Waziri akasema kasikia vizuri sana.

Mzee akamwomba Mkurugenzi asubiri kidogo, kwa kuwa kusubiri ndiyo kazi ya Idara. Akalirudisha godoro chumbani, akalitandika, akamkalisha mkewe, ndipo akaja. Ngazi akaishika kwa mkono mmoja. Ule mwingine nikaupa kikombe, na safari hii sukari niliweka vijiko viwili.