Karanga za Mwanjelwa na Kiti cha Iringa

Jumatatu, 3 Juni

Baridi ya Mbeya leo haina adabu. Sweta mbili, na bado vidole havishiki kalamu. Moyo lakini umechangamka. Dk. Kalinga, mkuu wa maabara yetu, ametangaza kuwa Jumamosi kuna mkutano wa watafiti wa mifugo Iringa na mtoa mada atakuwa mmoja. Atakayemwonyesha picha safi ya sukari kwenye utumbo wa kuku, Alhamisi asubuhi, ndiye huyo. Tunagombea wawili: mimi na Prisca, tunayetumia naye meza moja.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa. Seli za utumbo zimevaa sukari kwa nje. Si ya chai. Ni vijisukari vilivyojishikiza kwenye ngozi ya seli, na hata kwa hadubini huvioni hivi hivi. Ndipo inapoingia lektini. Hii ni protini, nyingi hutoka kwenye mbegu: maharage, ngano, karanga. Kila lektini ina sukari inayoipenda, na ikiikuta inaing'ang'ania. Unaifunga lektini rangi inayong'aa, unaidondosha juu ya kipande chembamba cha utumbo, unaosha. Palipobaki mwanga ndipo penye sukari. Ni kazi ya kuvizia tu, na kuvizia mimi nimezaliwa nako.

Tatizo ni moja. Kichupa cha lektini ya karanga, iliyokwishafungwa rangi, kipo kimoja tu humu ndani. Kimetoka Ulaya. Prisca alishakiandika jina lake tangu Mei, kwa wino usiofutika. Nimejaribu.

Na mimi lazima niende. Si sifa ninatafuta. Nilishamwambia kwa simu Mzee Tadeo, baba yake Lea ninayetaka kumwoa, kuwa msemaji wa Jumamosi ni mimi. Mzee anakaa Kihesa, hapo hapo Iringa. Barua yangu ya kwanza ya posa aliirudisha, akasema haelewi kijana huyu anafanya kazi gani. Sasa kasema atakuja mkutanoni na wadogo zake wawili kusikiliza. Wakielewa, barua itapokelewa. Lea amenionya kuwa ikirudi ya pili, hakuna ya tatu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na akili. Lektini ya karanga inatoka wapi? Kwenye karanga! Karanga ziko wapi? Mwanjelwa! Wazungu wanatia kwenye kichupa kitu ambacho mama mmoja pale sokoni anakipima kwa kopo la maziwa ya unga. Nimemcheka Prisca njia nzima.

Nimechukua zilizokaangwa, maana maganda yake yanatoka kirahisi. Pia zinanoga. Nilipofika nyumbani zilikuwa zimebaki nusu.

Nimeazima kinu cha Mama Ikupa, mwenye nyumba wangu. Akauliza ninapika nini. Nikamwambia ninapika sayansi. Akauliza kama sayansi inakwenda na ugali, akajichotea vijiko vitatu vya kuungia mboga zake. Zilizobaki nimeziloweka kwenye maji ya chumvi na kuzichuja kwa chujio la chai. Maji yametoka mazuri, yana rangi ya utafiti.

Ikabaki rangi ya kung'aa. Hapo nikakumbuka kitu. Pasaka nilikula pilau, nikaingia maabara bila kunawa vizuri, na chini ya taa ya hadubini kidole changu kiliwaka kijani chote. Bizari ya manjano! Nimetia kijiko kimoja. Halafu cha pili, kwa uhakika.

Jumatano, 5 Juni

Inawaka!

Utumbo unawaka. Kioo cha slaidi kinawaka. Meza inawaka. Vidole vyangu vyote kumi ni vya manjano na sabuni imegonga mwamba. Nikamwita Prisca aje aone jinsi sukari ilivyo nyingi. Akainama, akatazama, akauliza kwa upole wake ule unaoniudhi: kaka Jailos, ni wapi ambapo hakuna sukari? Nikamwambia huyu alikuwa kuku wa kienyeji. Akaondoka akiwa ameuma mdomo.

Saa sita akazipanga slaidi zake sita kwenye trei, juu ya kila moja tone la lektini yake ya Ulaya, akafunika zikae gizani, akatoka kwenda kunywa chai. Trei ile ikabaki inanitazama.

Sasa mimi nina vidonda vya tumbo, na Mama Ikupa hunifungia kila siku chupa ndogo ya maziwa. Maziwa yakimwagikia kitu, kitu hicho kimekwisha. Hilo halihitaji shahada. Nikainua kifuniko. Tone la maziwa kwenye slaidi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nia yangu ilikuwa zote sita. Nikasikia viatu vya Dk. Kalinga kwenye korido. Nikafunika, nikainama chini ya meza.

Akauliza ninatafuta nini. Nikasema kifungo cha shati. Mungu ambariki mzee huyu, naye akapiga magoti. Tumetafuta robo saa nzima, msomi wa watu anatambaa na tai yake, na mwisho akakipata. Kifungo chekundu. Sijui ni cha nani. Nimekishona kwenye shati langu jeupe, ningefanyaje?

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya hukumu.

Dk. Kalinga akaanza na slaidi yangu. Akaniuliza karanga zilikuwa mbichi au za kukaanga. Nikasema za kukaanga, bwana mkubwa, kwa usafi. Akavua miwani. Akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto, kuwa moto unaiua lektini, na kwamba nilichoweka kwenye slaidi ni mchuzi.

Hakuishia hapo. Akasema mwanga wa kweli una kipimo. Unaipa lektini kwanza ile sukari inayoipenda, inashiba, mikono yake inajaa, haishiki tena utumbo, na mwanga unazimika. Usipozimika, ni uchafu. Akachukua slaidi mpya na maji yangu ya karanga, akatia sukari hiyo. Ikawaka. Akatia nyingine. Ikawaka vile vile. Sinki tulimoosha nalo linawaka hadi sasa.

Akilini nilimwona Mzee Tadeo akiirudisha barua kwa mkono wake mwenyewe. Nikaishika chupa yangu ya maziwa, kumbe ya leo nilishayanywa.

Ikaja zamu ya Prisca. Slaidi tatu zilitoka safi, mstari mwembamba wa kijani pembezoni mwa utumbo, na kwingine kote giza. Tatu nyingine, giza tupu. Prisca akakaa chini. Mimi nilikuwa ninatafuta uso wa kusikitika, sikuupata haraka.

Dk. Kalinga akainusa trei. Akauliza nani ametia maziwa. Akasema anauliza kwa nia njema, kwa sababu ndani ya maziwa mna sukari ile ile ambayo lektini ya karanga inaipenda. Mtu huyu amefanya kipimo ambacho yeye daktari mwenyewe alisahau kukiagiza. Bila hizi tatu za giza, zile tatu za mwanga wasingeziamini Iringa. Ni nani mwenye akili hii?

Mkono wangu ulikuwa juu kabla mimi sijajua.

Imeamuliwa: Prisca atatoa mada, nami nitasafiri nao kwa heshima ya maziwa, hadubini nikiibeba mapajani. Prisca alinitazama sana. Alitazama na vidole vyangu. Akasema asante, kaka Jailos.

Jumamosi, 8 Juni. Iringa

Hadubini ina uzito wa mbuzi. Kutoka Mbeya hadi Iringa sikuhisi miguu.

Mzee Tadeo alikuwa mstari wa mbele na wadogo zake, makoti matatu, kofia tatu magotini. Nikaenda kuwaamkia. Kamwene, baba. Akaitika, akasema wako tayari kunisikiliza. Sikuweza kumwambia. Akapanda Prisca jukwaani. Mzee akageuka kunitafuta. Nikainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyangu havina kamba.

Nilitamani kwenda kukaa ndani ya gari. Nimempenda Lea miaka minne, na yote ilikuwa inaishia chini ya kiti cha plastiki.

Halafu nikasikia jina langu. Prisca ameweka picha yenye giza ukutani, anawaambia watu kuwa picha ya mwanga kila mtu anaweza kuleta, lakini giza hili ndilo ushahidi, na ni kazi ya bwana Jailos, yule pale, asimame. Nikasimama. Wakapiga makofi!

Mzee Tadeo akanyoosha mkono. Akauliza kama ni kweli kijana huyu ndiye aliyezima taa. Prisca akasema ndiye. Mzee akaniuliza wazo la maziwa lilinijiaje. Nikasema lilinijia lenyewe, nikiwa nimeinama. Hapo sikusema uongo. Wadogo zake wakanong'onezana. Baadaye nje, Mzee akanishika bega. Sasa ameelewa, akasema. Kazi yangu ni kuhakikisha wenzangu hawadanganyi. Ni kazi ya kuaminika, barua ije.

Nilitaka kulia. Nimelia kidogo.

Lea, aliyekuwa amekaa nyuma ukumbini, yeye hakulia. Alinivuta pembeni akaniuliza kama niliyatia yale maziwa kwa nia njema. Nikamweleza kuwa sayansi haiangalii nia. Akaniambia Prisca amemsimulia yote. Kwenye kifuniko cha trei kulikuwa na alama za vidole vinne na gumba, rangi ya manjano, kama nimepiga muhuri. Alijua tangu Alhamisi. Angesema neno moja kwa Dk. Kalinga, mimi leo sina kazi. Hakusema, kwa sababu ananisikia nikiiongelea ile barua tangu Krismasi na akanionea huruma.

Lea amesema barua haitafika Kihesa kabla sijamwomba Prisca msamaha, kwa mdomo wangu. Nimeahidi. Nimeapa. Jumatatu asubuhi, jambo la kwanza.

Jumatatu, 10 Juni

Mtu mpya. Nimewahi kazini saa moja kamili. Msamaha nimeufanyia mazoezi mbele ya Mama Ikupa, naye akasema umemgusa. Nimembebea Prisca na kifuko cha karanga, za kukaanga, maana hizi ni za kula.

Nimeingia, Prisca hayupo, ametoka kidogo. Mezani kuna tangazo la Dk. Kalinga: Septemba kuna mkutano mwingine, mkubwa zaidi, Dodoma. Mtoa mada mmoja. Pembeni ya tangazo kuna trei ya Prisca. Nimefunua kuangalia tu. Slaidi sita mpya, kila moja na tone lake.

Nikawaza. Dada wa watu amenitendea wema mkubwa, nami ninakuja na maneno matupu? Kipimo cha maziwa atakihitaji tena. Na mkutano huu ni mkubwa zaidi, zikizimika tatu tu si zitaonekana chache? Zikizimika zote sita, ushahidi utakuwa mara mbili. Na kama kwa bahati mbaya atakosa picha ya mwanga, mimi nipo, Dodoma ninaifahamu.

Msamaha nitauomba kesho, nikiwa nimetulia. Lea nimemtumia ujumbe kuwa mambo yanakwenda vizuri, barua anaweza kuitegemea.

Matone sita ya maziwa yameenea vizuri, hata moja halikumwagika pembeni. Na asije mtu akasema sijifunzi. Safari hii nimevaa glavu.